Dola ikishuka, tazama ghala lako

Nashughulikia hesabu za kampuni ya uchapishaji Eneo la Viwanda, Nairobi, na ripoti nyingi ninazoona kuhusu "mambo yanayoathiri biashara" ni orodha ndefu: uchumi wa dunia, siasa, kodi, ushindani. Yote ni kweli. Lakini jambo ambalo hujui linagusa mstari upi wa vitabu vyako ni habari tu.

Chukua dola. Januari 2024 ilikuwa imefika takribani shilingi 160. Kufikia Aprili ilikuwa imerudi karibu na 130. Waagizaji walishangilia, isipokuwa wale waliokuwa wamejaza ghala Januari. Karatasi ya dola 1,000 iliwagharimu shilingi 160,000, na mshindani akaipata kwa 130,000, kabla ya ushuru na usafiri. Mteja wa Nairobi hakungoji umalize mzigo wa zamani. Anauliza bei mtaa wa River Road, kisha anakupigia simu akiwa ameshajua jibu analotaka. Kwa hiyo dola naifuatilia sambamba na muda ambao mzigo hukaa ghalani. Mzigo wa wiki tatu unavumilia mtikisiko. Wa miezi minne unaumia dola ikishuka.

Mafuta hayana fumbo. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi, basi usimwahidi mteja bei ya usafirishaji inayovuka siku hiyo. Mwenye mkopo wa riba inayobadilika aweke pia kwenye kalenda mikutano ya Kamati ya Sera za Fedha ya Benki Kuu, inayopanga riba ya msingi.

Penye hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni pale sheria ya nje inapokutana na uzembe wa ndani. Ankara ya shilingi milioni moja hubeba kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya 160,000 juu yake. KRA, mamlaka ya mapato, inataka fedha hiyo, ukishatoa VAT uliyolipa kwenye manunuzi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mteja awe amekulipa au la. Akikaa siku 90 bila kulipa, umemkopesha mali na kodi umemtangulizia. Hapo ndipo kampuni yenye faida kwenye vitabu inapokosa mishahara mwisho wa mwezi.

Kila Jumatatu natoa ukurasa mmoja: pesa benki, madeni yaliyopita siku 60, umri wa mzigo ghalani, kodi inayokaribia. Naupeleka kwa meneja wa mauzo na wa ghala pia, si kwa mkurugenzi peke yake, kwa sababu hao ndio wenye uwezo wa kubadilisha tarakimu hizo.

Tulibadilisha pia kamisheni: sasa muuzaji hulipwa fedha ikiingia, si ankara ikitoka. Wauzaji walinuna, na sikuwalaumu. Siku hizi wao ndio hunitangulia kumpigia simu mhasibu wa mteja.