Kabla hujalipa ada ya kung fu

Mdogo wangu wa Moshi, umeuliza ujue nini kabla ya kujiunga na shule ya kung fu. Usilipe kwanza. Omba ukae pembeni uangalie vipindi viwili mpaka mwisho. Mwalimu anayewapasha wanafunzi moto kama dakika 15, kisha akapita kurekebisha miguu ya wageni mmoja mmoja, huyo mfuate. Anayewapambanisha wageni siku ya kwanza, achana naye kabisa. Muulize pia anafundisha mtindo gani: Wing Chun ni ya kupigana kwa karibu, ukitumia mikono zaidi; sanda ni mapambano ya glavu, mateke na kuangushana.

Miezi ya mwanzo utakutana sana na mabu, mkao wa mpanda farasi, na hapo ndipo wengi huumiza magoti. Panua miguu kama mara mbili ya upana wa mabega, vidole vitazame mbele, shuka mgongo ukiwa umenyooka. Goti lielekee vidole vya mguu viliko. Likilala kwa ndani, uzito unavuta kano za goti badala ya kubebwa na paja. Anza na sekunde 30, mara tatu. Mapaja yakiuma kesho yake ni kawaida. Goti likichoma, simama umwambie mwalimu.

Juni na Julai asubuhi kuna baridi, ongeza muda wa kupasha mwili. Kata kucha, vua pete. Viatu viwe vya soli nyembamba. Soli nene inaweza kukutegua kifundo cha mguu unapogeuka. Kinga ya meno nunua yako, usiazime.