Mishipa Haimeng'enywi

SWALI: Muuguzi mstaafu anaandika: "Katika makala moja ya afya nimekuta sentensi hii: 'Uzee hupunguza mmeng'enyo wa mishipa midogo ya damu ya ubongo.' Naomba kujua, ni sawa kusema 'mishipa midogo', au tuseme 'vishipa' au 'vijishipa'?"

JIBU: Shikamoo mama. Vishipa vyako nitavifikia, ila nivumilie kwanza, maana sentensi uliyoninukulia imenitibua nyongo. Wewe umeulizia udogo wa mishipa, mimi nimekwama kwenye huo mmeng'enyo.

Tuisome kama ilivyoandikwa. Tukisema mmeng'enyo wa chakula, chakula ndicho kinachomeng'enywa. Ndivyo a-unganifu, yaani ile "wa" au "ya" inayounganisha majina, inavyofanya kazi na majina mengi yaliyozaliwa na vitenzi elekezi, vile vinavyohitaji kitu cha kutendwa: katika uchimbaji wa kisima, kisima huchimbwa, hakishiki jembe. Basi katika mmeng'enyo wa mishipa, mishipa ndiyo inayomeng'enywa. Yaani kichwani mwa binadamu mna tumbo linaloila mishipa yake, na kadiri anavyozeeka ulaji huo unapungua. Kwa hesabu hiyo uzee ni neema! Wa miaka 80 kashapona, wa miaka 20 ndiye anayetafunwa. Tukimwonea mwandishi huruma na kuigeuza maana, mishipa iwe ndiyo inayomeng'enya, nitauliza: inameng'enya nini? Ina meno? Ina nyongo? Chakula kilishamalizana na tumbo na utumbo huko chini. Kinachopanda ubongoni ni glukosi iliyoyeyuka katika damu, na hiyo haina tena cha kumeng'enywa.

Alichokusudia ni umetaboli, yaani jinsi seli zinavyotengeneza na kutumia nishati. Asili yake ni Kigiriki, metabole, yaani mabadiliko, na kwa leo hiyo inatosha. Kumeng'enya ni kuvunjavunja tu, ilhali umetaboli huvunja na pia hujenga, tena ndani ya seli.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba habari iliyofukiwa chini ya neno hilo ni nzito. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni mwili unapopumzika, na akiba yake ya glukosi ni ndogo mno. Inayoingia lazima ivushwe na seli zilizotandazwa kwenye ukuta wa ndani wa mishipa hiyo. Seli hizo si bomba. Zinaishi, zinahitaji nishati yao wenyewe, na sehemu kubwa huipata kwa kuivunja glukosi bila kutumia oksijeni. Umri ukisogea, mitokondria zake, vile vinu vidogo vya nishati ndani ya seli, hudhoofika na kumwaga kwa wingi molekuli za oksijeni zenye kuharibu. Nitriki oksaidi, ambayo huuamuru mshipa utanuke, hupungua. Sehemu ya ubongo iliyo kazini inaita damu, mshipa unachelewa kuitika. Hata ukuta uliokuwa ukichagua cha kupitisha na cha kuzuia huanza kuvuja. Sasa mtu asome haya yote chini ya "mmeng'enyo", si atakwenda kununua dawa ya tumbo?

Najua utetezi wao: wasomaji hawalijui neno umetaboli. Glukosi je, walizaliwa nayo? Na homoni? Na vitamini? Yote yaliingia mlangoni yakiwa mageni, yakaelezwa, yakazoeleka. Nimelisema hili mara nyingi hata sauti imekauka, ndiyo maana siku hizi sigombani tena na anayeandika metaboli badala ya umetaboli. Kimetaboliki nayo iacheni iwe kivumishi. "Kimetaboliki ya mwili" bado inanikwaruza sikio. Na anayeyaogopa maneno hayo yote aandike "jinsi seli zinavyotumia nishati". Ni ndefu, lakini haimpeleki mtu utumboni.

Sentensi yenyewe basi iwe: "Kadiri mtu anavyozeeka, umetaboli wa vishipa vya ubongo hudhoofika."

Umeona, nimeandika vishipa. Shina -shipa lina silabi mbili, kwa hiyo ki- inalitosha: mlima, kilima, mshipa, kishipa. Ile -ji- huja kulibeba shina fupi la silabi moja, kama mto na kijito. Ukiichomeka pasipo na haja inaleta harufu ya dharau, na mshipa unaoulisha ubongo mchana na usiku haukufanya kosa la kuitwa kijishipa. Kapilari ni ile nyembamba kuliko zote, ambamo chembe nyekundu za damu hupita moja moja kwa kujikunja, kwa hiyo usikiite kila kishipa jina hilo. "Mishipa midogo" nayo ni sawa kabisa. Hapo tu ndipo mwandishi wako alipopatia.