Usilipe hiyo TV ya punguzo kabla hujajua nani ataleta bodi

Mkuu, rudisha kadi mfukoni kwanza. Unasema kuna TV ya inchi 65 ya brandi kubwa ya zamani imeshushwa bei karibu nusu, imebaki moja dukani, na unaipendelea kuliko TCL au Hisense kwa sababu "Mchina hadumu". Halafu umeuliza uchukue skrini ya aina gani, OLED au Mini-LED, kwa sebule yenye mwanga mwingi, na saundibaa gani, hayo baadaye. Hapo kwenye "Mchina hadumu" ndo tumbo limenikata, maana mimi niliyasema hayo hayo, tena kwa sauti, mbele ya watu ambao mpaka leo wananikumbusha.

Maneno yenyewe nililishwa na muuzaji mmoja mwenye tai, duka silitaji. Akanisimamisha mbele ya ile TV, akaweka ile video ya maua na kasuku, akaniambia hii ni ya kurithisha watoto. Sawa, watoto nimewarithisha stika ya 4K pale kwenye kona, ndo kitu pekee ambacho hakijaharibika.

Waranti ya kiwandani ilipoisha tu, mchezo ukaanza. Unawasha, inaleta nembo, inazima, inaleta nembo, inazima, ukiiacha inakesha hivo hivo. Fundi akaja akailaza kifudifudi juu ya blanketi, akafungua mgongo, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi kachipu kadogo keusi ka kumbukumbu kwenye bodi kuu, ile sakiti inayoendesha TV nzima. Akasema haka kameandikwa na kufutwa mpaka kamechoka, ni ugonjwa wa kawaida wa smart TV, dawa ni kubadilisha bodi. Nikamuuliza bodi inapatikana wapi, jamaa akacheka. Kumbe kampuni ilishajitoa kwenye biashara ya TV, na walijitoa KABLA mimi sijanunua! Yaani lile punguzo nililoliita bahati walikuwa wanasafisha stoo, na yule mwenye tai ama alijua akanyamaza ama hakujua anachouza, sijui lipi baya zaidi.

Nikapiga ile namba ya kwenye kadi ya waranti. Naambiwa jina sasa limekodishwa kwa kampuni nyingine, hao wapya wanahudumia zile walizotengeneza wao tu, za zamani waulize wa zamani. Wa zamani simu yao inapiga muziki tu. Muziki safi kabisa lakini, sauti bora kuliko ile TV ilivyowahi kutoa.

Sasa kinachoniuma kuliko vyote ni waranti ya nyongeza, ile niliyolipia pembeni kwa sababu mwenye tai alisema "upate amani ya moyo bosi". Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, imeandikwa matengenezo yatategemea upatikanaji wa spea, na zikikosekana unarudishiwa thamani ya kifaa baada ya kukatwa uchakavu. Wakapiga mahesabu yao ya uchakavu, nikapewa hela ya kununulia rimoti. Amani ya moyo hiyo.

Na bado fundi hajamaliza kunidhalilisha, akanigeuzia ile stika ya nyuma ya paneli. Kioo kimetoka kiwanda kile kile kinachouzia TV za bei ya chini nilizokuwa nazicheka.

Na ndo biashara ilivyo, wala sio siri. Gharama kubwa ya TV ni paneli, yaani kioo chenyewe, na paneli za LCD, zile za TV nyingi za kawaida, siku hizi zimeshikwa na Wachina. Kiwanda cha kampuni ya BOE kule Hefei, China, kinafyatua kioo kimoja cha milimita 2940 kwa 3370, unakata TV nane za inchi 65 kwa mkupuo, TCL nao wana viwanda vyao vya paneli vinavyoitwa CSOT, Samsung mwenyewe aliachana na kutengeneza paneli za LCD mwaka 2022. Kwa hiyo brandi ya kifahari inanunua kioo kwa mpinzani wake halafu iuze ghali zaidi yake, itatokea wapi? Hata kwenye OLED, Sony kioo ananunua kwa LG Display na Samsung Display. Anachokuuzia ni prosesa na utundu wa kupanga picha, na hapo kusema kweli bado yuko vizuri.

Na ubora hauokoi kampuni. Pioneer na zile TV zake za Kuro, weusi wa picha ambao watu wanausimulia mpaka leo, Februari 2009 wakatangaza wanaacha TV. Loewe wa Ujerumani yupo tangu 1923, akafilisika 2013, akafilisika tena 2019. Toshiba walikubaliana kuuza kitengo cha TV kwa Hisense 2017, kwa hiyo ukimkimbia Mchina kwa kununua Toshiba umezunguka nyumba ukaingia kwake kwa mlango wa uani.

Sisemi za bei ya chini ni malaika. Kuna zimeandikwa 120Hz kwenye boksi, yaani picha 120 kwa sekunde, na paneli ni ya 60, kuna za matangazo kila ukiwasha, na Vizio wa Marekani alilipa dola milioni 2.2 mwaka 2017 kwa kunasa watu wanachotazama bila kuwaomba ruhusa. Bei inashuka kwa sababu hela nyingine wanaitafuta kwako ukishafika nyumbani. Ila modeli iliyouzwa kwa wingi inavunjwa vioo kwa wingi, watoto na mipira, na kila kioo kikivunjika bodi isiyo na hitilafu inabaki mezani kwa fundi. Bodi ya TV yangu ya kifahari haikuwa kwa fundi yeyote, tulijaribu ya modeli nyingine yenye paneli ile ile, programu zikakataana, picha ikatoka imepinduka na rangi za ajabu.

Kwa hiyo piga picha stika ya nyuma yenye namba kamili ya modeli, hadi herufi za mwisho, onyesha mafundi wawili wasiojuana na hilo duka, uliza bodi ya hii ikifa utaitoa wapi. Wakianza kukuna kichwa usilipe, hata kama wanakupa bure na kasuku. Halafu dukani uliza kwa maandishi waranti inabebwa na kampuni gani LEO, sio jina lililo mbele ya kioo.

Iweke hiyo namba ya modeli hapa pia, humu mafundi wapo na wengi wanaingia usiku.