Kugonga kidevu: maswali yenu

Safari iliyopita niliandika mistari miwili tu kuhusu daktari anayegonga kidevu cha mgonjwa kwa nyundo ya mpira, kipimo tunachokiita rifleksi ya taya, yaani kuona misuli inavyoruka yenyewe ikigongwa. Mistari hiyo miwili imeniletea ujumbe mwingi kuliko yote niliyowahi kuandika juu ya shinikizo la damu. Nimechagua michache.

Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa tatu. Nimewagonga wenzangu tisa bwenini na hakuna taya hata moja lililoruka. Nakosea wapi?

Marahaba mwanangu. Huenda hukosei popote. Kwa mtu mzima mwenye afya, taya ama halisogei kabisa, ama hupanda kidogo tu, kama mtu aliyetaka kusema neno akaghairi. Goti lisiporuka tunajiuliza kulikoni. Taya lisiporuka tunaandika "kawaida" na kuendelea. Tunachokiwinda ni taya linaloruka kupita kiasi.

Hata hivyo, ngoja nikuangalie mkono. Mgonjwa aache mdomo wazi nusu, taya limelegea, kama abiria aliyepitiwa na usingizi kwenye daladala. Usimwamuru "fungua mdomo!", maana ataupanua mpaka mwisho na misuli itakaza. Weka kidole cha shahada mlalo juu ya kidevu, chini ya mdomo wa chini, kisha gonga kidole chako mwenyewe kuelekea chini. Nyundo idondoke kwa uzito wake, usiisukume. Kidole kikikuuma sana, jua na mgonjwa unamwonea. Na mweleze kabla hujaanza. Hakuna anayefurahia kuona nyundo inamjia usoni bila taarifa.

Kosa ninaloliona kila mwaka wodini ni hili: mwanafunzi amefundishwa kwamba rifleksi ya mkono ikigoma, mgonjwa aambiwe aume meno. Akifika kwenye taya anarudia maneno yaleyale. Sasa taya lililokazwa litaruka vipi? Hapa mwambie akunje ngumi.

Kwa kuwa uko mwaka wa tatu, nikupe na utamu kidogo. Seli za neva zinazopokea hisia za mwili kwa kawaida hukaa kwenye vifundo nje ya ubongo na uti wa mgongo. Zile zinazopokea mvutano wa misuli ya kutafunia zimekaidi utaratibu huo: zimejenga ndani kabisa ya shina la ubongo, sehemu inayounganisha ubongo na uti wa mgongo. Kutoka hapo ujumbe unavuka kiungo kimoja tu cha seli kwa seli hadi kwenye seli za kuamuru misuli, zilizoko kwenye ponsi, sehemu ya katikati ya shina hilo, na kurudi kwa neva ileile ya 5 ya fuvu, neva ya uso na taya. Safari nzima huchukua chini ya milisekunde 10.

Baba yangu ana miaka 68. Tulimpeleka hospitali kwa sababu miguu imekuwa mizito, anaiburuza, na vifungo vya shati vimeanza kumshinda. Daktari akamgonga magoti, mikono, halafu kidevu! Baba amerudi amenuna, anasema amechezewa kama mtoto. Kidevu kinahusiana nini na miguu?

Mpe pole mzee, na umwambie kwamba kile kidevu huenda ndicho kilichomwambia daktari pa kutafuta.

Amri za ubongo hushuka kupitia shina la ubongo, zikapita shingoni, zikateremka mgongoni. Njiani kila ngazi ina rifleksi zake, na ubongo huzishikilia kama mtu anavyoshika kamba ya mbuzi. Kamba ikikatika mahali, mbuzi wote walio chini ya hapo hurukaruka. Walio juu yake hutulia. Rifleksi za magoti ziko kiunoni, za mikono ziko shingoni, na ya taya iko juu zaidi, ndani ya kichwa. Ndiyo rifleksi ya juu kuliko zote tunazoweza kuzipima kwa nyundo.

Kwa hiyo daktari akikuta magoti na mikono inaruka kwa ukali lakini taya limetulia, shaka yake kubwa inahamia shingoni. Kwa mtu wa umri wa baba yako, mwenye miguu inayokakamaa na vidole vinavyoshindwa kazi ndogondogo, la kwanza kufikiriwa ni pingili za shingo zilizochakaa na kuubana uti wa mgongo. Taya nalo likiruka, tunapandisha macho hadi kichwani.

Familia inaweza kuuza ng'ombe ili kulipia picha ya MRI. Kuipiga kichwani wakati tatizo liko shingoni ni hasara ya pesa, na ya muda, ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu uti uliobanwa mwezi mzima haurudi sawa na uliobanwa siku mbili. Kwa kweli huwa nasikitika nikiona faili la mgonjwa wa miguu mizito lina picha mbili za kichwa na hakuna mahali palipoandikwa kwamba kidevu kiligongwa. Taya lililotulia haliwi hukumu peke yake, lakini linasaidia sana kupanga pa kuanzia.

Mwulize daktari kama shingo itapigwa picha. Na mzee akianza kushindwa kuzuia mkojo, msisubiri tarehe ya kliniki.

Mama alipata kiharusi mwaka juzi upande wa kulia, mwaka huu kikampiga tena upande wa kushoto. Sasa ulimi ni mzito, chai inampalia, na anaweza kuangua kilio mtu akimpa tu salamu. Majirani wanasema ana jini. Daktari alimgonga kidevu, taya likaruka sana.

Hana jini, ndugu yangu. Misuli ya kutafunia inaamriwa na pande zote mbili za ubongo, ndiyo maana kiharusi cha kwanza kiliiacha salama: upande mmoja uliendelea kuihudumia. Cha pili kimekata na ule uliobaki. Misuli ya mdomo na koo haijafa, ila imepoteza mshika kamba. Ndiyo sababu taya linaruka, maneno yanakwama, na chai inapita njia isiyo yake.

Kilio nacho ni sehemu ya ugonjwa huohuo. Uso unalia, lakini ndani mama anaweza kuwa hana huzuni yoyote. Wengine hucheka hivyohivyo msibani. Zipo dawa, zilezile za sonona, ambazo mara nyingi hupunguza hali hiyo. Iulizie.

Vinywaji vyepesi kama maji na chai ndivyo vinavyopalia zaidi, kwa hiyo uji uwe mzito, anywe akiwa ameketi wima, kidogokidogo. Na waambie majirani wamsalimie tu. Kunyimwa salamu kutamuumiza kuliko kile kilio.

Nimejigonga mwenyewe kwa kijiko, taya linaruka. Magoti pia. Mikono inatetemeka na moyo unanienda mbio. Ni ubongo?

Kila kitu kikiruka, juu na chini, kulia na kushoto sawasawa, na huna udhaifu wowote, mara nyingi ni hofu, au tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi. Kapime tezi. Kijiko kirudishe jikoni.

Mimi ni afisa tabibu mkoani Mara. Kwa wagonjwa wa konzo, kuna haja ya kugonga kidevu?

Umenigusa. Konzo, ugonjwa wa kukakamaa miguu unaoletwa na sumu ya mihogo michungu, ni neno la Wayaka wa Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa, na daktari Trolli aliuandika ugonjwa huo mwaka 1938 huko Kwango. Kwetu ulizuka Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame: mihogo michungu haikulowekwa ikatosha, sayanidi ikabaki ndani, na sahani haikuwa na protini ya kuusaidia mwili kuiondoa.

Vigezo vya WHO vya mwaka 1996 havitaji taya. Vinataka mwendo wa kukakamaa unaolingana pande zote mbili, uliomwanza mtu aliyekuwa mzima ndani ya wiki moja na hauzidi kuendelea, na rifleksi kali za magoti au vifundo vya miguu pande zote bila dalili za ugonjwa wa pingili za mgongo. Lakini mimi ningegonga, kwa sababu mbili. Walioathirika sana hupata ulimi mzito pia. Hapo taya linaloruka linakuonyesha kwamba dhara limefika juu ya shingo. Sababu ya pili ni kumbukumbu ya faili. Konzo haisogei mbele baada ya siku zile za mwanzo. Kama mwaka jana taya lilikuwa tulivu na leo linaruka, basi huenda huyo ana kitu kingine, mpe rufaa.

Mtu mwenye pepopunda, taya limekaza. Nikigonga?

Usigonge. Mguso, sauti, hata mwanga mkali vinaweza kumwamsha mshtuko wa misuli. Kuna kipimo cha kijiti cha ulimi: ukigusa ukuta wa nyuma wa koo, mtu asiye na pepopunda hutaka kutapika na kujaribu kukitoa, mwenye pepopunda hukiuma. Kikishaonyesha hivyo mara moja, usirudie. Mpeleke kwenye chumba tulivu, na matibabu yaanze.

Nyundo yangu imepotea wodini. Naweza kutumia vidole?

Kwa kidevu, ndiyo. Ncha za vidole viwili zinatosha, kwa kuwa unagonga juu ya kidole chako mwenyewe. Kwa kifundo cha mguu utapata tabu. Na usimlaumu nesi kabla hujauliza darasa la watoto: mara ya mwisho ya kwangu ilikutwa huko, inapasulia karanga.