Kufyeka kando ya reli: kunawaokoa wanyama au kunawaita?

Ndugu yangu wa Miritini, umeuliza kama kikundi chenu kikipata kazi ya kufyeka kando ya reli kule Tsavo, wanyama watapona au watazidi kugongwa. Fyekeni, ila mchunge majira.

Kichaka kikisonga hadi kwenye kokoto, dereva hamwoni mnyama mapema, na treni ya mizigo haisimami papo hapo. Norway walipoondoa vichaka kandokando ya reli, wanyama wakubwa wa jamii ya kulungu waliogongwa walipungua sana.

Tatizo ni kisiki. Kikikatwa halafu mvua ikanyesha, hutoa machipukizi mororo, na swala au tembo hawezi kuyapita hayo bila kuyala. Mkifyeka mara moja mkaondoka, mtakuwa mmewaandalia malisho pale pale relini. Kwa hivyo daini mkataba wenye marudio. Kwangu mimi hili ni muhimu kuliko bei. Ng'oeni visiki mahali tambarare, lakini kwenye tuta viacheni, maana mizizi ndiyo inayoshika udongo. Matawi yaliyokatwa yabebeni mbali. Nafaka ikimwagika nayo izolewe: Kanada dubu wamekuwa wakiifuata hadi relini.

SGR, reli ya kisasa itokayo Mombasa, ina vivuko vya chini, yaani njia za wanyama kupita chini ya reli, ndani ya Tsavo. Hapo mlangoni msifyeke ovyo, acheni miti, wanyama wapate kificho wapite chini. Na kabla ya panga kuinuliwa, pateni kibali cha Shirika la Reli na cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.