Ukuta wa Shule, Jina la Msanii: Yasemwe Kabla Makopo Hayajafunguliwa

Msanii anayechora ukuta wa shule au zahanati ana lake analolitafuta: jina, picha za kumwonyesha mteja ajaye, pengine ujira. Si dhambi. Balaa huanza pale anapoyafunika hayo kwa neno "kujitolea", kisha wiki ya pili ananuna kwa kuwa nauli inamtoka mfukoni, na wenyeji nao hawaelewi amekasirikia nini.

Kwa hiyo kwenye kikao cha kwanza, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mwalimu mkuu, taja unachotaka: saini ikae wapi na iwe kubwa kiasi gani, nani atapiga picha, na kama watoto wataonekana, wazazi wameridhia? Halafu uliza wao wanataka nini, na unyamaze. Zahanati inaweza kuhitaji ratiba ya chanjo inayosomeka kutoka kwenye benchi, wakati wewe umekuja na twiga wako.

Ukijitolea ufundi, hujajitolea vifaa. Ukuta wa mita 12 kwa 2.5 ni mita za mraba 30. Mkono mmoja wa praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikiza, na miwili ya rangi ya chini ni mita za mraba 90 za kupaka. Kopo huenda likaahidi mita 10 au 12 kwa lita, lakini kwenye plasta yenye mikwaruzo hesabu 8. Hizo ni lita 11 na ushee, hata jicho moja hujachora, omba 15. Ongeza msasa, brashi, mirunda ya jukwaa na chakula cha vijana wanaosaidia. Ujira wako uandike hata kama hulipwi, kwa thamani yake kamili, pembeni uweke "umetolewa bure". Bila hivyo, mfadhili atamtarajia msanii anayefuata afanye kazi bila malipo.

Ukuta wenyewe ndio unaomuumbua anayetafuta picha tu, maana yeye hana subira. Plasta mpya ingojewe wiki nne: saruji mbichi hupausha rangi na kuibabua. Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka cheupe, hiyo ni chokaa, ikwanguliwe yote. Bandika selotepu uing'oe kwa nguvu. Ikija na maganda, mchoro wako nao utakuja hivyo hivyo. Ukiona chumvi nyeupe karibu na msingi, unyevu unapanda kutoka ardhini, na hakuna praima ya kuuficha zaidi ya msimu mmoja wa mvua. Nusu mita ya chini ipakwe rangi moja ya giza ambayo shule itaweza kuirudia yenyewe. Nyuso za watu zisifike huko; ndiko viatu na mipira inakogonga.

Mwisho, karatasi. Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa na ya kupinga kazi yake kuharibiwa. Shule nayo haiwezi kubanwa milele na ukuta uliochakaa. Andikeni kwamba baada ya miaka mitatu, kwa mfano, inaweza kupaka upya ikimjulisha msanii siku 30 kabla, apate kupiga picha zake. Mabaki ya rangi na namba zake mkabidhi mwalimu wa stoo.