Waje na Ndoo, Projekta Waiache

Wiki hii mmeuliza: wanasayansi wanaojitolea waingie madarasani shule za msingi, au somo tuachiwe walimu? Mimi nafundisha Sayansi darasa la tano, huku bonde la Kilombero, na nasema waje. Ila namna ya kuja ndiyo yenye maneno.

Wa kwanza kutufikia alikuja na projekta. Umeme ukakatika mapema, naye akaendelea kuongea hadi kengele. Watoto themanini na kitu wakampigia makofi ya adabu. Kesho yake nilipouliza wamejifunza nini, mmoja akanyoosha kidole: "Mwalimu, gari lake lina kiyoyozi." Na mimi nisijitoe lawamani, kipindi chake nilikitumia kusahihisha madaftari ofisini.

Wa pili alikuwa dada mtafiti wa mbu. Ifakara, mji wa bondeni humu, watafiti wa mbu si wageni, wapo miaka mingi, lakini hakuna aliyewahi kuingia darasani kwangu. Alishuka kwenye bodaboda na ndoo, upawa na mabakuli meupe ya plastiki. Akatutoa nje hadi kwenye majaruba ya mpunga, tukachota maji. "Msiniambie mnachojua," akasema, "niambieni mnachoona."

Basi wakainama. Viluwiluwi vya mbu vingine vilijilaza juu ya maji kama vijiti, vingine vilining'inia kichwa chini, mkia juu. Vilivyolala ni vya anofelesi, mbu wa malaria: havina mrija wa kupumulia, ndiyo maana vinajilaza. Vinavyoning'inia ni vya kuleksi, na mrija uko mkiani. Ukipitisha kivuli cha mkono juu ya bakuli, vyote vinazama puu! Mchezo huo uliwashika muda mrefu kuliko mpira. Nami, niliyefundisha malaria miaka kumi na moja, nilikuwa sijawahi kuona tofauti hiyo.

Kilichomtoa jasho dada wa watu ni Kiswahili. Tangu kidato cha kwanza amesoma sayansi kwa Kiingereza, hivyo kila sentensi ya tatu ananigeukia mimi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mwalimu hatakiwi kutoka darasani.

Halafu binti mmoja akauliza: mama mbu anajuaje kama dimbwi hili halitakauka kabla wanawe hawajaota mabawa? Mgeni akanyamaza. "Hilo silijui. Tungelipimaje?" Kwa miaka yangu yote ya ualimu, sijasikia mtu mwenye digrii akisema "silijui" mbele ya watoto.

Alirudi Ijumaa mbili zilizofuata, kwa nauli yake, kuangalia mabakuli tuliyoyafunika kwa vipande vya chandarua. Kama hana nafasi ya kurudi, kwangu mimi bora asije. Sasa amehamishiwa kituo kingine, mabakuli katuachia. Juzi mvua zilipoanza niliingia jarubani mwenyewe na upawa, huku darasa la nne wamejazana dirishani wakiuliza zamu yao lini.